Hawa Nao Wana Maktaba Yao

Kila chama cha mrengo mkali wa kulia kinapopanda katika uchaguzi wa Ulaya au Marekani, wapenzi wa vitabu huulizana swali lile lile: nisome nini nielewe? Ushauri hutolewa upesi, na mwingi una walakini. Madai ninayoyajibu hapa hayatoki kwa wavivu wa kusoma. Husemwa na wasomaji wazuri, baadhi yao walimu, na ndiyo maana naona hayafai kuachwa yapite. Msimamo wangu nautanguliza: upopulisti wa mrengo wa kulia ni fikra zilizoandikwa, zina waandishi na zina ukoo, na msomaji asiyewafikia waandishi hao wenyewe ataishia kujua habari za wapiga kura wao tu.

Dai linalosikika zaidi ni kwamba hakuna cha kusoma. Watu hawa wana hasira, wana bendera na kofia nyekundu, basi. Falsafa wataitoa wapi?

Wameitoa kwa watu kama Enoch Powell. Mwingereza huyu aliteuliwa profesa wa Kigiriki cha kale katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1937, akiwa na miaka 25. Tarehe 20 Aprili 1968, akiwa mbunge wa chama cha Conservative, alitoa hotuba mjini Birmingham ya kupinga uhamiaji, na kesho yake kiongozi wa chama chake, Edward Heath, akamwondoa katika baraza kivuli la mawaziri. Ufundi wa hotuba ile unastahili kuchunguzwa. Msomi anayemnukuu mshairi wa Kirumi, Virgil, anajileta kwa wasikilizaji kama tarishi tu: eti anafikisha maneno ya raia wa kawaida ambaye wakubwa hawataki kumsikia. Siku chache baadaye makuli wa bandari ya London waliandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Profesa wa Kigiriki na makuli! Siasa ambayo leo inaonekana mpya ilikuwa tayari imekamilika: msomi anawatukana wasomi kwa niaba ya mtaa.

Ufaransa nako, mwaka huo huo wa 1968, Alain de Benoist na wenzake walianzisha kundi la wanafikra liitwalo GRECE. Walikuwa na hakika kwamba kabla ya kushinda kura sharti ushinde vichwa: magazeti, vyuo, hata maneno ambayo watu hutumia kuelezea maisha yao. Wazo hilo walilichota kwa Antonio Gramsci, mkomunisti wa Italia aliyefungwa na Mussolini, na hawakuona haya kumtaja. Kitabu cha de Benoist cha mwaka 1977, Vu de droite, kilipewa tuzo na Académie française mwaka uliofuata. Kwake na kwa kundi lake ndiko ilikopata umbo hoja kwamba kila utamaduni una haki ya kubaki tofauti, kwa hiyo kila mtu na abaki kwao. Ubaguzi wa zamani ulisema sisi ni bora kuliko nyinyi. Huu unasema nyinyi ni wazuri sana, huko huko mliko.

Lakini kama ningeruhusiwa kumtaja mmoja tu, ningemtaja Mmarekani Samuel Francis, aliyefariki mwaka 2005. Alikuwa na shahada ya uzamivu katika historia, na mwalimu wake wa vitabuni alikuwa James Burnham, mfuasi wa zamani wa Trotsky. Mwaka 1941 Burnham alitoa The Managerial Revolution, akidai kwamba nchi za viwanda hazitawaliwi tena na wenye mali, wala hazitakuja kutawaliwa na wafanyakazi. Zinaangukia mikononi mwa mameneja, yaani wakurugenzi wa makampuni, maofisa wa serikali na wataalamu. Francis akaongeza alichokipata kwa mwanasosholojia Donald Warren, ambaye mwaka 1976 alichapisha utafiti juu ya Wamarekani wa kipato cha kati walioamini kwamba serikali inawapendelea matajiri na maskini kwa wakati mmoja, halafu gharama wanabebeshwa wao. Unganisha viwili hivyo upate picha nzima: juu kuna tabaka la mameneja, chini kuna wanaofadhiliwa nalo, na katikati kuna watu halisi wa nchi wanaokamuliwa na pande zote mbili.

Miaka ya 1990 Francis alimhimiza Pat Buchanan, aliyekuwa akiwania urais kupitia chama cha Republican, aachane na nyimbo za soko huria na serikali ndogo, na badala yake azungumzie taifa, viwanda vya nyumbani, mipaka na ushuru wa bidhaa za nje. Buchanan hakufika mbali. Miaka 20 baadaye akaja mfanyabiashara wa New York akapita njia hiyo hiyo hadi ikulu, na wala hakuna haja ya kudhani kwamba alikuwa amemsoma Francis. Francis, niseme wazi, alikuwa mbaguzi wa rangi. Gazeti la Washington Times lilimwachisha kazi mwaka 1995 kufuatia matamshi yake kuhusu rangi. Hilo ni sababu ya kumsoma kwa macho makavu, maana ndilo linaloonyesha nani aliachwa nje alipotaja hao watu halisi wa nchi. Anayeanza asianze na kitabu chake kinene, Leviathan and Its Enemies, kilichochapishwa baada ya kifo chake. Aanze na When the Clock Broke cha John Ganz, cha mwaka 2024, kinachomweka Francis katikati ya Marekani ya mapema miaka ya 1990 pamoja na Buchanan na mwanauchumi Murray Rothbard, ambaye Januari 1992 aliandika makala akiutaja upopulisti wa mrengo wa kulia kwa jina na kuupendekeza kuwa mkakati.

Kuna wanaosema: soma What Is Populism? cha Jan-Werner Müller, inatosha. Ni kitabu kizuri na kifupi, kilitoka mwaka 2016 kwa wakati wake hasa. Müller anatoa kipimo kimoja chenye makali: mpopulisti hatambuliwi kwa kuwapinga wakubwa, kwa kuwa kila mpinzani huwapinga. Anatambuliwa kwa kudai kwamba yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi, na kwamba anayempinga si mwananchi wa kweli. Sawa. Ila kipimo hicho kinamkamata Hugo Chávez wa Venezuela sawasawa na Viktor Orbán wa Hungaria, na hawa wawili hawakutaka mambo yale yale. Ni sawa na kujua umbo la chungu bila kujua kilichopikwa ndani. Mholanzi Cas Mudde ameeleza tangu mwaka 2004 kwamba upopulisti ni itikadi nyembamba, haisimami peke yake, lazima iegemee nyingine. Anapouchambua ule wa mrengo mkali wa kulia anaonyesha unachoegemea: wazawa kwanza, kisha amri na adhabu. Hizo mbili ndizo zenye maandishi mengi, na kwa Müller utazipata kidogo mno.

Mabishano ya tafsiri yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1967 wasomi walikutana London School of Economics wakashindwa kukubaliana upopulisti ni nini, na miaka miwili baadaye Ghita Ionescu na Ernest Gellner wakahariri kitabu kutokana na mkutano ule. Sura ya Afrika iliandikwa na John Saul, Mkanada aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayedhani mada hii ilianza na Trump apitie walau yaliyomo ya kitabu kile.

Dai kwamba huu ni ufashisti mtupu, hivyo mtu asome habari za Hitler na Mussolini yamwishe, nitalijibu kwa ufupi kwa sababu lina ukweli nusu. Chama cha FPÖ cha Austria kilianzishwa mwaka 1956 na kiongozi wake wa kwanza, Anton Reinthaller, alikuwa ofisa wa SS. Hilo halikanushiki. Kwa upande mwingine Powell aliingia Vita vya Pili askari wa kawaida akatoka brigedia, katika jeshi lililopigana dhidi ya Hitler. Federico Finchelstein, katika From Fascism to Populism in History cha mwaka 2017, anaeleza vizuri kuliko wengi: baada ya 1945 njia ya udikteta wa wazi ilikuwa imeaibishwa, na Juan Perón wa Argentina akaonyesha mwaka 1946 jinsi ya kubeba sehemu ya mizigo ile kupitia sanduku la kura. Fashisti hulivunja sanduku. Mpopulisti hulihitaji, ingawa hapendi linapomkataa. Robert Paxton, aliyeandika The Anatomy of Fascism mwaka 2004, alikataa kumwita Trump fashisti hadi umati ulipovamia Bunge la Marekani tarehe 6 Januari 2021, ndipo akabadili msimamo. Bingwa wa somo alisubiri miaka minne; sisi tunaweza kusubiri kurasa mia tatu.

Sasa nije kwenye dai linaloniudhi zaidi, kwamba chanzo ni umaskini na kitabu chake ni Hillbilly Elegy cha J.D. Vance.

Kitabu kilitoka Juni 2016, na ushindi wa Trump ulipotangazwa Novemba kikageuka kuwa kamusi ya kumwelewa mpiga kura wake. Kinasimulia malezi ya Vance katika mji wa viwanda wa Middletown, Ohio: mama aliyezama katika dawa za kulevya, bibi aliyemlea, jeshi, hatimaye shule ya sheria ya Yale. Simulizi ina nguvu. Lakini soma hoja yake. Vance anawalaumu watu wake wenyewe: uzembe wao, ndoa zao zinazovunjika, tabia yao ya kutupa lawama kwa wengine. Mpopulisti husema wananchi ni wema, waliooza ni wakubwa. Vance wa 2016 alisema karibu kinyume, na wakati ule alimpinga Trump hadharani. Unawezaje kuelezea upopulisti kwa kitabu ambacho mwandishi wake alikuwa bado hajawa mpopulisti?

Vance wa baadaye, aliyeapishwa makamu wa rais Januari 2025, anasomeka vizuri zaidi kupitia Patrick Deneen, profesa wa siasa katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Kitabu cha Deneen cha 2018, Why Liberalism Failed, kinadai kwamba uliberali umeanguka kwa sababu ya mafanikio yake: umemfungua mtu kutoka familia, dini na kijiji hadi akabaki mpweke mbele ya soko na dola. Barack Obama alikiweka katika orodha yake ya vitabu mwaka ule. Deneen alipozindua Regime Change mjini Washington mwezi Mei 2023, Vance, wakati huo seneta, alikuwa miongoni mwa wazungumzaji. Hicho cha pili ni dhaifu kuliko cha kwanza, kwa maoni yangu, maana kinaahidi wakubwa wapya na wema bila kueleza watapatikana wapi. Hata hivyo ndicho kinachoonyesha fikra zilikoelekea.

Na huo umaskini wenyewe? Katika kura za mchujo za 2016, kipato cha wastani cha kaya za waliomchagua Trump kilikadiriwa kuwa dola 72,000 hivi kwa mwaka, wakati cha nchi nzima kilikuwa kama 56,000. Ujerumani, chama cha AfD kilianzishwa mwaka 2013 kikiongozwa na Bernd Lucke, profesa wa uchumi, kwa ajili ya kupinga mpango wa kuzikopesha nchi za sarafu ya yuro zilizokuwa hoi kwa madeni. Waliitwa chama cha maprofesa. Mwanahistoria Quinn Slobodian, katika Hayek's Bastards cha mwaka 2025, anaufuatilia uzi huo na kuonyesha kwamba baadhi ya wanaopaza sauti juu ya taifa na damu walilelewa ndani ya nyumba ya soko huria, hawakutoka nje kuja kulibomoa.

Sisemi kufungwa kwa viwanda hakukuwa na madhara. Nasema njaa haiandiki hoja. Aliyelielewa hili ni Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Berkeley aliyekwenda na kurudi Louisiana kwa miaka mitano na kuandika Strangers in Their Own Land. Wenyeji wake karibu na Lake Charles wengi walikuwa na kazi, nyumba na kanisa. Aliwatungia simulizi kisha akawarudishia waseme kama ni yao: umesimama kwenye foleni ndefu ya kupanda kilima, foleni haisogei, halafu unaona watu wanaingia mbele yako. Weusi, wanawake, wahamiaji, wakimbizi, hata mwari mwenye mafuta mwilini anayeokolewa na watu wa mazingira. Na rais anawapungia mkono waliokuruka. Walimkubalia. Malalamiko hayo yanahusu haki, nani anastahili nini na kwa zamu gani. Ndiyo maana watu wale waliweza kumpigia kura mtu aliyeahidi kulegeza sheria za mazingira huku mito yao imejaa sumu za viwandani, jambo ambalo Hochschild analifuatilia kwa subira niliyoihusudu. Kuhusu Weusi kuwekwa katika kundi la walioruka foleni, wakati babu zao waliijenga barabara kwa viboko, Hochschild ni mpole kuliko ningependa.

Wapo wanaoona hatari: kusoma vitabu vyao ni kuvitangaza. Hoja hii siwezi kuipuuza. Mwaka 2011 mwandishi Mfaransa Renaud Camus alichapisha Le Grand Remplacement, akidai kwamba watu wa Ulaya wanabadilishwa na kuwekwa wengine mahali pao. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, na waraka alioutanguliza aliupa jina la kitabu kile kwa Kiingereza. Maneno yale yalikwisha kusafiri kwa miaka bila kitabu. Ukikifungua unagundua jambo ambalo maneno matatu ya jalada yanalificha: Camus hasimamii hoja yake juu ya takwimu, anataka uamini kile anachodai kila mtu anakiona mtaani. Udhaifu huo humfikia aliyesoma tu.

Wajerumani walikabiliwa na swali hili kwa kitabu kibaya kuliko vyote. Haki miliki ya Mein Kampf ilipokwisha, Taasisi ya Historia ya Kisasa ya Munich ilitoa Januari 2016 toleo lenye maelezo ya wanahistoria yapatayo 3,500, uongo baada ya uongo ukijibiwa pale pale kwenye ukurasa. Ziliuzwa nakala kama 85,000 mwaka wa kwanza, na kishindo kilichoogopewa hakikutokea. Ningependa kuona Powell na Francis wakichapishwa hivyo.

La mwisho husemwa kwetu zaidi kuliko kwingine: hayo ni mambo ya Wazungu, tuwaachie wenyewe. Msemaji anasahau kwamba moja ya milango ya historia hii inafungukia Nairobi.

Mwaka 1967 serikali ya Kenya ilipitisha sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara zilizowabana wakazi wasio raia. Wenye asili ya Asia waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaanza kuondoka kwa maelfu. Powell aliwazungumzia Februari 1968, na Machi mosi sheria mpya ya uhamiaji ilikuwa imeshapita London, ikimfungia mlango mwenye pasipoti hizo asiye na mzazi, babu au bibi wa Uingereza. Walioipitisha walikuwa serikali ya chama cha Labour. Hotuba ya Birmingham ilikuja wiki saba baada ya hapo. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda ndani ya siku 90, na halmashauri ya jiji la Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaomba wasije huko. Familia zile zile zilikutana na hoja ya uzawa mara mbili, Kampala na Leicester. Wasomaji wa Tanzania wanaoukumbuka mjadala wa uzawa uliovuma kwa jina la Iddi Simba wanajua kwamba swali la nani mwenye nchi halina rangi moja.

Tena hadithi haikuishia hapo. Aprili 2022 aliyesaini Kigali mkataba wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi wa Uingereza ni Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda. Aliyekuja kuusimamia mpango huo baada ya Patel ni Suella Braverman, ambaye baba yake alitoka Kenya. Na waziri mkuu aliyeung'ang'ania hata baada ya Mahakama ya Juu kuukataa Novemba 2023 ni Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Kwa anayetegemea neno ubaguzi peke yake, hapo pana kitendawili. Anayejua hoja ya taifa na mpaka jinsi ilivyoandikwa tangu Powell ana pa kushika, hata kama haipendi.

Powell mwenyewe ana mgongano ambao Camilla Schofield anaushughulikia vizuri katika Enoch Powell and the Making of Postcolonial Britain. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola, Kenya. Julai mwaka ule Powell alisimama Bungeni, dhidi ya serikali ya chama chake, akasisitiza kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani na kingine Afrika. Miaka tisa baadaye ni yeye huyo wa Birmingham. Schofield anayaunganisha hayo mawili kwa kuisha kwa himaya, na kwa jinsi Powell alivyotaka kuichora upya Uingereza iliyobaki bila makoloni. Kumbukumbu rasmi za Bunge la Uingereza zipo wazi mtandaoni bila malipo. Anza na mjadala wa Hola wa Julai 1959, ufuate ule wa muswada wa uhamiaji wa Februari 1968, kisha hotuba ya Birmingham. Schofield msome baada ya hapo.